"Nikukatie?": Duka la Vitambaa Nairobi, Kutoka Bazaa hadi Satellite

Mwaka 1902 bazaa ya Wahindi mjini Nairobi ilichomwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Tauni ilikuwa imezuka, na wakuu wa mji waliona dawa ya haraka ni kuteketeza vibanda vyote pamoja na panya waliokuwamo. Reli ilikuwa imefika hapo mwishoni mwa Mei 1899, kwa hiyo mji haukuwa na hata miaka minne. Wenye maduka wangeweza kupanda garimoshi na kurudi Mombasa. Hawakurudi. Walijenga tena, wakafungua tena, na mtaa wao ukaja kuitwa Bazaar Street. Baada ya uhuru ukapewa jina la Biashara Street, jina lile lile ambalo Mombasa imeupa mtaa wake wa leso.

Zaidi ya karne moja baadaye, mama mjamzito wa Satellite anayetaka shali la mtoto na leso mbili za kumbebea bado hupanda matatu kwenye Barabara ya Naivasha, akapita Dagoretti Corner, akateremka na Ngong Road hadi mjini, kisha akatembea mpaka Biashara Street, jirani ya City Market na Msikiti wa Jamia. Njiani amepita maduka kadhaa yanayouza shali na leso. Mtaani kwake yapo pia. Kinachomvuta si bei peke yake, maana nauli ya kwenda na kurudi huila nafuu yote. Anafuata mahali ambapo anaweza kusimama mbele ya kaunta, akaomba ateremshiwe hiki na kile, akakinyosha, akakiinua kwenye mwanga, akakikataa, akaomba kingine, na mwisho akaondoka na kitu ambacho yeye ndiye aliyeamua kitakuwa nini.

Historia ya duka la vitambaa katika sehemu hizi ni historia ya mnunuzi huyo. Ukiifuata kuanzia mwanzo, jambo moja linarudi kila kizazi: bidhaa iliyodumu ni ile iliyofika dukani ikiwa haijamalizwa.

Na mwanzo wenyewe haukuwa katikati ya jiji. Ulikuwa upande wa magharibi, karibu na palipo Satellite sasa. Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki alijenga boma Dagoretti baada ya kuelewana na Waiyaki wa Hinga. Misafara iliyokuwa ikipita kwenda Uganda ilihitaji chakula, na Wakikuyu wa hapo walikuwa na shamba na ziada: viazi vitamu, maharagwe, nafaka. Malipo yalikuwa shanga, nyaya na nguo. Uhusiano uliharibika upesi, boma likaachwa na kuteketezwa mwaka uliofuata, na kampuni ikajenga jingine, Fort Smith, huko Kabete. Lakini biashara ya kitambaa kwa chakula ilikuwa imeshika. Nairobi ilikuwa bado kinamasi cha kunyweshea ng'ombe wa Wamaasai wakati watu wa Dagoretti walipokuwa wakipima merikani kwa urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole.

Merikani yenyewe ilikuwa na historia ndefu ya kuchaguliwa. Ilikuwa pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya Marekani na Sayyid Said kutiliana mkataba mwaka 1833. Waingereza walijaribu kuiga. Kitambaa chao kilifanana na merikani kwa macho, lakini wanunuzi wa pwani na bara waligundua kwamba hakikustahimili kufuliwa, wakakiacha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoikumba Marekani kati ya 1861 na 1865 na pamba ikaadimika, nafasi ikapatikana kwa viwanda vya wengine, na baadaye Bombay ikaichukua biashara kwa kufuma kitambaa chenye uzito uleule. Jina halikubadilika. Nguo ya Bombay iliendelea kuitwa merikani, kwa sababu mnunuzi alikuwa akitaja uzito na uimara, si nchi.

Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, alilazimika kujifunza somo hilo kutoka kwa wafanyabiashara wa hapo kabla ya kununua chochote. Kila eneo la bara lilikuwa na shanga zake na nguo zake. Ukipeleka kaniki mahali panapotaka merikani, unakufa njaa na mzigo wako mabegani. Watu ambao vitabu vya Ulaya viliwaonyesha kama wapokeaji wa chochote walikuwa, kwa kweli, wateja wagumu kuliko wa London.

Halafu ikaja leso, na hapa inafaa kutua, kwa sababu leso ni kazi ya viraka.

Neno limetoka kwenye Kireno, likiwa na maana ya kitambaa cha mkononi. Wafanyabiashara walileta vitambaa vya mkono vilivyochapwa vikiwa bado vimeungana kwenye jora, kimoja kikifuata kingine, ili muuzaji akate na kuuza kimoja kimoja. Wanawake wa pwani, katika karne ya 19, walipata wazo ambalo hakuna kiwanda kilichokuwa nalo. Walinunua sita bila kuvitenganisha, wakakata katikati wapate vipande viwili vya tatu tatu, kisha wakaviunga ubavu kwa ubavu. Nguo ya miraba sita. Nguo hiyo ilitosha kujifunga kifuani au kujitanda, na hakuna mwanamke aliyekuwa na kama ya mwenzake kwa sababu kila mmoja alichagua vipande vyake. Nje ya Afrika Mashariki, ufundi wa kuunga vipande vidogo upate kitu kikubwa ungeitwa ushonaji wa mfarishi. Hapa uliitwa leso.

Wenye maduka waliona, wakaandika barua. Haikupita miaka mingi viwanda vikaanza kuchapa nguo nzima ya ukubwa huo, yenye pindo pande zote na mji katikati, ili mshono usiwe wa lazima tena. Madoadoa meupe juu ya rangi nzito, mfano wa manyoya ya ndege aitwaye kanga, yakailetea jina la khanga. Nguo hizo zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India, baadaye Japani. Waholanzi wa Leiden na Helmond hawakuwahi kuvaa khanga hata moja, lakini riziki yao ilitegemea kujua ni pindo gani limechokwa Unguja mwezi uliopita. Maneno yaliongezwa juu ya kitambaa, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi, na umaarufu wa hilo hupewa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887 na ambaye nguo zake hadi leo hubeba alama ya Mali ya Abdulla. Hata hivyo kiwanda hakikuwahi kuimaliza khanga kabisa. Zilikuja mbili mbili zikiwa zimeshikana, na mpaka leo mwenyewe ndiye anayekata doti, yaani jozi hiyo, katikati na kupinda pindo.

Khanga ilipanda reli pamoja na Waswahili. Nairobi ya mwanzo ilikuwa na vijiji vyao, Pangani kikiwa mashuhuri kuliko vyote, kabla serikali ya jiji haijavivunja na kuwahamishia watu Pumwani na mitaa ya jirani. Kutoka huko wanawake walitembea hadi Bazaar Street. Barazani, mbele ya kila duka la nguo, fundi aliketi na cherehani yake ya mguu, Singer mara nyingi, akisubiri. Mwenye duka aliuza kitambaa kwa yadi. Fundi alikipa umbo. Mara nyingi fundi hakuwa mfanyakazi wa duka. Alilipwa na mteja, akampa mwenye duka wateja, na mwenye duka akampa kivuli na mahali pa kuweka mashine. Mpangilio huo wa watu watatu, muuzaji, fundi na mnunuzi, ndio moyo wa duka la vitambaa la Afrika Mashariki. Hakuna aliyeuchora kwenye karatasi. Ulitokea kwa sababu mnunuzi hakutaka gauni. Alitaka yadi tatu na mtu wa kumsikiliza.

Miaka ya 1930 ilimpa mnunuzi huyo nguvu ambayo wenzake katika makoloni mengine hawakuwa nayo. Mdororo wa uchumi ulipobana, Uingereza iliamua mwaka 1934 kuweka viwango vya kuzuia nguo za Japani zisiingie katika makoloni yake, ili Manchester isife. Afrika Mashariki ilibaki nje. Mikataba ya Bonde la Kongo, ambayo chanzo chake ni mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ilikuwa imeahidi mataifa yote biashara sawa katika eneo hili, na London haikuweza kuivunja. Nguo ya Japani ikamiminika. Ilikuwa rahisi, na mfanyakazi wa reli au yaya wa Parklands aliyekuwa na shilingi chache mwisho wa mwezi aliweza kununua shuka nzima badala ya nusu. Walowezi walilalamika, maafisa wakaandika ripoti, na kwenye kaunta za Bazaar Street majora yaliendelea kukatwa.

Wakati huohuo ushonaji wenyewe ulikuwa unafundishwa upande wa magharibi wa mji, kwa nia zilizochanganyika. Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete mwaka 1925. Jina lake ni la Anna T. Jeanes, mwanamke wa Philadelphia aliyeacha fedha zake zisaidie shule za vijijini za watoto weusi kusini mwa Marekani, ambako walimu walioitwa kwa jina lake walifundisha kusoma pamoja na kushona na kupika. Serikali ya kikoloni iliuchukua mfano huo. Walimu wa kiume walikuja Kabete na familia zao, na wake zao wakafundishwa kazi za nyumbani. Mwaka 1952, mwaka ambao hali ya hatari ilitangazwa, serikali hiyohiyo ilianzisha Maendeleo ya Wanawake. Vilabu vyake vilikusanya wanawake kufuma, kushona na kutarizi, na ni wazi kwamba watawala walitumaini sindano ingewaweka mbali na wapiganaji wa msituni. Wanawake walichukua sindano, na baada ya muda wakachukua chama chenyewe: mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza.

Kilichobaki kutoka madarasa yale kinaonekana hadi leo sebuleni mwa Mkenya. Ingia nyumba yoyote ya Riruta, Kawangware au Satellite ambayo mama yake ana umri wa miaka 60 na kitu. Juu ya mgongo wa kila kiti kuna kitambaa cheupe kilichofumwa kwa kirosheti au kilichotariziwa maua. Mikono ya kiti ina vyake. Meza ina chake, kikubwa. Redio ilikuwa nacho, kisha televisheni ikakirithi. Vitambaa vya viti vimechekwa sana na vijana wa Nairobi, na si haki. Ni vigumu kutaja kazi nyingine ya mikono iliyoenea Kenya nzima kiasi hicho, ikivuka makabila na madhehebu, ikifanywa jioni baada ya shamba, bila mfadhili wala jumba la makumbusho la kuitunza. Walowezi wa kike walikuwa na jumuiya yao, East Africa Women's League, iliyoundwa 1917, na picha walizotarizi za maeneo yao ziliwekwa kwenye kitabu kizuri. Vitambaa vya akina mama wa Dagoretti havikupata kitabu. Vilipata jiki kila Jumamosi na kuanikwa uani.

Kwa mwenye duka, vitambaa hivyo vilimaanisha uzi. Mnunuzi wa uzi ni mtu wa aina ya pekee. Hanunui nguo kabisa; ananunua saa zake mwenyewe za miezi mitatu ijayo. Anajua namba ya uzi anayotaka, anajua kwamba uzi mwembamba hutoa ua zuri lakini humaliza macho, na anataka mapindi yote yatoke kwenye kasha moja, kwa sababu weupe wa kasha hili na wa kasha lile haulingani hata kama karatasi inasema ni rangi ileile. Duka lililomwelewa lilimwekea mapindi mawili pembeni mpaka apate fedha. Lisilomwelewa lilimpoteza yeye na kikundi chake chote, maana wanawake hao walikwenda mjini kwa niaba ya wenzao kumi.

Uhuru ulibadilisha nani anasimama nyuma ya kaunta. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, wengi wao Waasia, na katika miezi iliyofuata maelfu waliondoka nchini kwenda Uingereza. Waliochukua uraia walibaki, na Biashara Street ikabaki na sura yake kwa kiasi kikubwa. Bado kuna maduka ya familia ambayo majina yake hayalingani tena na bidhaa: Haria's Stamp Shop limebaki na stempu kwenye jina, huku wateja wake wakifuata leso, vikoi na vitenge. Agosti 1, 1982, jaribio la mapinduzi liliposhindwa, maduka mengi ya Waasia katikati ya jiji yaliporwa kwa siku moja. Mtaa wa vitambaa ulikuwa umewahi kuanza upya mara moja kabla ya hapo. Ukaanza tena.

Nyuma ya kaunta hizo, kwa miongo miwili au mitatu, kulikuwa na kitu ambacho kizazi cha leo hukiona kwa nadra: nguo iliyofumwa Kenya. Kisumu ilikuwa na Kicomi. Thika, Nanyuki na Nakuru zilikuwa na viwanda vyake. Eldoret ilikuwa na Rivatex, na ilikuwa na Raymond.

Blanketi la Raymond ndilo linaloivuruga hoja ya makala haya, na ni vizuri livuruge. Hapa mnunuzi hakutaka kumalizia kitu. Alitaka blanketi zima, ndani ya mfuko wake, na lebo ikiwa imeshonwa pembeni. Sababu ni kwamba blanketi hilo halikununuliwa kwa ajili ya kitanda cha mnunuzi. Lilikuwa zawadi ya ukweni. Katika ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, na katika sherehe zinazofanana nayo za jamii nyingine, mama wa bibi harusi hufunikwa blanketi mabegani mbele ya wageni, na kila mtu aliyeketi chini ya hema hujua kulisoma. Blanketi jepesi lingesema jambo ambalo ukoo usingelisahau. Kwa hiyo mnunuzi alilipia lebo pamoja na sufu, na muuzaji mzuri alijua kuuliza kwanza: ni la kwako au ni la kupeleka? Jibu liliamua ni rafu gani atafikia.

Viwanda vilianguka kimoja baada ya kingine mipaka ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Rivatex ilifunga milango mwaka 2000. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua 2007, na ikazinduliwa upya 2019. Katikati ya hapo mitumba ilitawala. Mtu wa Satellite hakuhitaji hata kwenda soko la Gikomba, kwa sababu lile la Toi, karibu na Adams Arcade, lilikuwa njiani. Mapazia ya hoteli za Ulaya, shuka za pamba nzito, na vifuniko vya kitanda vya viraka ambavyo bibi fulani wa ng'ambo alivishona kwa mkono vilimwagwa kwenye turubai na kuuzwa bei ya mkate na maziwa. Muuzaji wa mitumba aliyefungua belo alfajiri aliweka kando kamera, yaani zile safi zaidi, kwa wateja wake anaowajua. Toi imeungua zaidi ya mara moja, na kila mara imejengwa upya. Mtu aliyesoma habari za 1902 hashangai.

Mitumba ilitakiwa kumuua fundi. Haikumuua. Suruali ndefu lazima ipunguzwe, pazia la dirisha la Hamburg halilingani na dirisha la Kawangware, na shuka mbili nyembamba huungwa zikawa moja pana. Fundi wa mtaani alihama kutoka kwenye yadi akaingia kwenye marekebisho, na barazani pa Bazaar Street pakapata watoto kila kona ya mji.

Upande wa mashariki wa jiji, wakimbizi kutoka Somalia waligeuza nyumba ya wageni ya Eastleigh iitwayo Garissa Lodge kuwa maduka, chumba kimoja baada ya kingine, miaka hiyohiyo ya 1990. Shuka, mapazia na vitambaa vya harusi vikapata soko jipya lililokuwa na bei za kutisha Biashara Street. Wateja walihama, wengi. Waliobaki mjini ni wale waliotaka kuhudumiwa.

Mwaka 2004 serikali ya Kenya ilifanya jaribio ambalo muuza leso yeyote angeliweza kulitabiria mwisho. Baada ya mashindano yaliyodhaminiwa na kampuni ya sabuni, vazi la taifa lilizinduliwa kwa shangwe, likiwa na joho na kila kitu. Wabunifu walikuwa wazuri. Rangi zilikuwa nzuri. Wananchi hawakulinunua. Sababu nyingi zimetolewa, na mara nyingi lawama huangukia ukabila au ukosefu wa uzalendo. Sababu iliyo karibu zaidi na kaunta ni kwamba vazi lilikuja likiwa limemalizwa. Lilikuwa limeshakatwa, limeshashonwa, limeshaelezwa maana yake. Hapakuwa na kitu cha mnunuzi kuongeza. Linganisha na miaka minne baadaye, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani na leso zenye sura yake zikafika madukani: hizo zilibebwa, zikafungwa, zikakatwa, na hata kugeuzwa magauni na mifuko, kwa sababu kila mtu aliweza kuamua Obama akae kifuani au mgongoni.

Na mfarishi? Kamusi inalo neno hilo, na maana yake ni kifuniko cha kitanda kilichojazwa pamba na kushonwa juu. Madukani Nairobi husemwa duveti, hata kama halina manyoya yoyote ndani. Duveti la dukani ni kitu kilichomalizwa, kimetoka ng'ambo, na hushindana na blanketi la zamani kwa ajili ya baridi ya Julai, ambayo magharibi ya Nairobi, karibu na vilima vya Ngong na Kikuyu, huuma kweli. Mfarishi wa viraka, ule unaoshonwa kwa vipande, umekuja mjini kwa mlango mwingine. Mwaka 1996 wanawake wachache wakimbizi walianza kushona pamoja Nairobi chini ya jina Amani ya Juu. Walitoka nchi zilizokuwa vitani, wengine pande zilizokuwa zikiuana, na mradi wao, ambao makao yake yalikuja kuwa eneo la Riara, ulikua ukashirikisha nchi kadhaa za Afrika. Wanatengeneza mikoba, mapambo na mifarishi ya vitenge. Kuna pia Kenya Quilt Guild, chama cha washonaji wa viraka ambacho maonyesho yake jijini yamewavuta watu wasiowahi kufikiri kwamba kipande cha leso kinaweza kutundikwa ukutani kama picha.

Washonaji hao wamewaletea wenye maduka ombi jipya na la kale kwa pamoja. Hawataki doti, wanataka robo mita ya hiki na robo mita ya kile. Wanataka pamba tupu, si mchanganyiko wa nailoni unaoteleza chini ya sindano. Wanataka mabaki. Kwa muda mrefu mabaki ya kitenge yalikuwa taka ya fundi, yakipewa watoto wachezee au yakijazwa ndani ya mito. Sasa fundi mwerevu huyapanga kwa rangi ndani ya gunia na kuyauza kwa uzito. Mwenye duka aliyezoea kuuza kwa yadi sita huona usumbufu kukata robo, mpaka atambue kwamba mnunuzi wa robo mita huondoka na aina ishirini, na hurudi baada ya wiki mbili.

Satellite yenyewe haina bazaa. Ina safu za maduka kando ya barabara, na ndani yake duka la vitambaa kwa kawaida lina upana wa mlango mmoja na nusu. Ukutani ni mapazia na neti zake. Kwenye rafu kuna vitambaa vya sare za shule, kijani, buluu na hudhurungi, kwa sababu Januari ndiyo mavuno. Mlangoni zinaning'inia leso. Fundi ameketi palepale alipoketi mwenzake wa Bazaar Street mwaka 1920, isipokuwa cherehani yake sasa ina mota, na umeme ukikatika huirudisha kwenye mguu. Seti za viti zinazotengenezwa kando ya Ngong Road, Dagoretti Corner na kuendelea, hufika mitaani hapa kwa mkokoteni au kwa pikapu, na wiki inayofuata mwenye nyumba huja kuulizia vitambaa vya kuzifunika. Siku hizi hununua vilivyofumwa na mtu mwingine, au humpa kazi mwanamke wa jirani anayefuma akiwa kwenye kibanda chake cha mboga.

Ijumaa jioni ndipo wanawake wa vyama huingia. Chama cha watu kumi na wawili kikichanga kwa ajili ya ruracio ya binti wa mmoja wao, kazi ya kununua leso hupewa watu wawili ambao macho yao yanaaminika. Wanaomba zote ziteremshwe. Wanasoma maneno kwanza, kwa sauti, na leso nzuri yenye maneno ya uchungu hurudishwa bila mjadala, kwani haiwezekani kumpelekea mkwe matusi yaliyochapwa. Wanatazama kama pindo limechapwa sawa na kama rangi imepita upande wa pili. Mmoja anakwaruza kwa ukucha kusikia kama kuna gundi ya kuongezea uzito. Wanapatana bei ya jumla, wanapunguziwa, wanaomba moja ya nyongeza, wanapewa.

Fundi ameshainua mkasi. Wateja wengi hutaka doti ikatwe na kupindwa hapohapo, na hiyo ni kazi ya dakika kumi na riziki yake ya jioni.

"Nikukatie, mama?"

"Zikunje hivyo hivyo. Watakata wenyewe."